Kichuma Ndani ya Taulo

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Nikiona wingu nafunga madirisha. Simu ikilia asubuhi naketi kwanza ndipo nipokee. Lakini mwaka huu wasiwasi wangu ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imelala juu ya meza yangu ya jikoni, vipande vipande, kwenye taulo langu la njano.

Ilikuwa bunduki ya Orrin, mume wangu. Si bunduki ya kujivunia. Ni zile za bei nafuu zinazouzwa karibu na magunia ya chakula cha mbwa: mtutu, komeo la kuvuta kwa mkono, na kitako cha plastiki nyeusi. Tulikula nyama yake miaka mingi wala hatukuidharau. Kisha ukaja msimu wa mwaka jana.

Siku ya kwanza ya msimu ule Orrin alimpiga kulungu dume tumboni. Risasi ya tumbo haiui upesi. Alifuata damu kwenye theluji mpaka kijito cha Tannery, mvua ikaanza kunyesha, na damu ikafutika. Alimtafuta mpaka akapata homa. Waliompata mwishowe ni kunguru.

Sasa lazima niseme habari ya ukuta. Ukoo wa mume wangu una kambi, nyumba ya magogo huko juu bondeni, na ukuta mmoja wa kambi hiyo umejaa mikia ya mashati. Ukimfyatulia kulungu ukamkosa, ukirudi wanakushika, na Mjomba Clete, kaka wa marehemu mama mkwe wangu, anakata shati lako kwa nyuma. Kipande kinaandikwa mwaka na kupigiliwa msumari. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, halafu wanakula. Hakuna mwanamume wa bonde letu ambaye hajakatwa.

Lakini kwa aliyemjeruhi mnyama akampoteza, hakuna mkasi. Hakuna anayesema neno. Wanakupitishia viazi, wanazungumzia barafu. Mwaka jana Orrin alikaa mezani pale na shati lake zima, akanyamaziwa. Aliporudi nyumbani aliniambia, "Bora wangenichapa." Tangu siku hiyo alianza kula kama mtu anayetafuna karatasi, na usiku nilimsikia akigeuka, akigeuka.

Ilipofika kiangazi alikuwa ameshampata mwenye kosa.

"Si mimi, Nadine. Ni hiki kitako. Hebu ona." Akaminya plastiki kwa mbele, nayo kweli ikapinda ikagusa mtutu. "Unaona? Kinagusa. Sasa risasi itakwenda wapi?"

"Itakwenda pembeni," nikasema, kwa sababu ndilo jibu alilolitaka.

Oktoba likaja sanduku. Ndani mlikuwa na chasisi, umbo zima la alumini la kubeba bunduki badala ya kitako, rangi ya mchanga, limetobolewa matundu ubavuni, na sehemu ya kuegemeza shavu unayoweza kuipandisha na kuishusha. Bei yake ilizidi ya bunduki yenyewe. Boyd, shemeji yangu, alipita siku hiyo kuazima msumeno akaikuta mezani.

"Kaka, hiyo ni bunduki au kitanda cha hospitali?"

"Nenda zako, Boyd."

"Hapana, nauliza tu. Mgonjwa analala upande gani?"

Mjomba Clete, aliyekuwa amekuja kula pai yangu ya malenge na hakuwa na haraka ya kuondoka, alitazama ile alumini kwa muda. Akasema, "Mchagua jembe si mkulima," akaendelea kula. Orrin akawa mwekundu mpaka masikioni.

Walipoondoka alianza kazi. Alifungua skrubu mbili za chini, akainua mtutu na komeo kutoka kwenye plastiki kama unavyotoa mfupa kwenye nyama iliyoiva. Kisha akachokoa ndani ya kile kitako kitupu, akatoa kipande cha chuma, kidogo kama kete ya dhumna.

"Unakaona haka? Bunduki ikipiga teke, teke lote linakaa hapa. Bila haka chuma kinateleza humo ndani na risasi zinakwenda zinakotaka zenyewe. Kwenye kitako hiki hakijafungwa, kimekaa tu. Watu hukisahau wakibadilisha."

"Wewe usikisahau," nikasema.

"Mimi si mtoto, Nadine."

Sufuria ikachemka ikamwagika, nikaikimbilia kwenye jiko upande wa pili, na mengine sikuyaona. Niliporudi bunduki ilikuwa imeshavaa chasisi. Alipitisha kipande cha karatasi chini ya mtutu, kikateleza bila kukwama popote. Akazikaza skrubu kwa ile spana inayolia *tik* nguvu ikitosha. Akahakikisha haina risasi, akaikoki, akaipiga kwa nyundo ya mpira huku na huku aone kama itajifyatua yenyewe. Haikujifyatua. Jumamosi akaenda kuilenga, akarudi na karatasi yenye matundu ambayo yote ungeyafunika kwa kizibo cha soda.

Mtu mwingine angefurahi. Bunduki ikishalengwa haiguswi tena mpaka msimu, hilo hata watoto wa bonde letu wanalijua. Orrin aliigusa. Kila siku chache nilimkuta ameitandikia taulo la njano, spana inalia *tik, tik*. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, akidhani sioni.

Jioni ya kuamkia msimu aliifungua tena.

"Orrin, iache basi."

"Naangalia skrubu tu."

"Si uliziangalia juzi?"

"Juzi haikuwa kesho." Aliinua chuma kutoka kwenye alumini, akafuta, akarudisha, akakaza. Kisha, bila kuniangalia, akasema, "Nikijeruhi mwingine, Nadine, basi tena."

Sikuuliza basi tena maana yake nini. Kuna maneno ukiyauliza unajibiwa. Nilikaa kitandani nikimsikiliza akipumua, na mimi ndiye niliyekesha.

Aliondoka kabla hakujapambazuka. Nilibaki na gauni langu la kulalia, lile la maua ya zambarau, nikamimina kahawa nikasimama dirishani. Huku kwetu wanawake husikiliza milio ya bunduki. Tuna usemi: moja, nyama, mbili, labda, tatu, kalale njaa. Maana mwindaji mzuri hupiga mara moja tu. Mwaka jana nilihesabu ya Orrin nikapata mbili, na nilikuwa nimeanza kupasha kikaango.

Ili mikono yangu ipate kazi nikachukua lile taulo nikalikung'uta nje. Kitu kikaanguka kwenye ngazi, kikalia *ting*.

Niliinama nikakiokota. Kidogo kama kete ya dhumna.

Nilimwona Orrin jana jioni akiinua chuma, akifuta, akirudisha. Kichuma hakijafungwa, alisema mwenyewe, kimekaa tu. Kimedondokea kwenye taulo, naye mkono unatetemeka, macho yamechoka, akakaza bila chenyewe. Na sasa amekaa huko juu na bunduki ambayo risasi yake itakwenda inakotaka. Itakwenda tumboni kwa mnyama. Halafu basi tena.

Simu hazishiki kule bondeni. Nilivuta viatu vyake vya zamani, nikavaa fulana ya rangi ya chungwa juu ya gauni ili nisipigwe risasi mimi mwenyewe, nikawasha gari. Njiani nilikuwa nikisema kwa sauti, "Usimwone, usimwone, usimwone," nikimwombea mume wangu akose kulungu siku ya kwanza ya msimu. Sidhani kama kuna mke mwingine bondeni aliyewahi kuomba hivyo.

Kwenye lango la kuingilia msituni nikaacha gari nikapanda kwa miguu. Sasa, kutembea msituni alfajiri ya siku ya kwanza ni dhambi kwetu. Afadhali ulewe kanisani. Kila mtu amekaa kimya mahali pake tangu gizani, hata kukohoa anakohoa kwenye kofia, halafu wewe unapita ukivunja matawi. Theluji ilinifika kwenye mashavu ya miguu na gauni likalowa. Mbali upande wa mto bunduki ikalia, moja. Nikasimama. Hapana, huko si kwa Orrin. Nikaendelea, mbio mbio, nikianguka na kuinuka.

"Shemeji!" Mti ulinong'ona. Nikatazama juu, nikamwona Boyd kwenye kiti chake matawini, macho yamemtoka. "Shemeji, umerukwa na akili? Hilo si gauni la kulalia?"

"Orrin yuko wapi?"

"Nyamaza! Yuko kwenye jiwe, juu ya bustani ya matofaa. Usiende! Shemasi yuko huko, nimemwona akipanda!"

Shemasi ni kulungu dume ambaye bonde zima lilikuwa likimwota. Tulimpa jina hilo kwa sababu alipenda kusimama nyuma ya kanisa, anakula matofaa yaliyoanguka, amenyoosha shingo kama anasubiri sadaka. Miaka mitatu hakuna aliyempata. Na leo ameamua kwenda kwa mume wangu.

"Nadine! Rudi hapa!"

Sikurudi. Nilipanda nimeshika kile kichuma mpaka kikaniumiza kiganja. Kila hatua nilingoja mlio. Nilijiambia, ukilia sasa nitafanya nini? Nitakaa chini kwenye theluji, sina lingine.

Nikatokea nyuma ya jiwe. Orrin alikuwa amelala juu yake kifudifudi, shavu kwenye alumini, jicho kwenye darubini. Ng'ambo, kati ya mitofaa mizee, alisimama Shemasi. Amegeuza ubavu wote, mkubwa, mvuke unamtoka puani, pembe zake zina matawi kuliko miti yenyewe. Sijawahi kumwona mnyama mzuri vile. Kwa sekunde moja nilifikiri, mimi ni nani hata niyaharibu haya? Labda risasi itakwenda sawa. Labda.

Kisha nikaona mkono wa Orrin, na kidole chake kwenye kifyatulio.

"Orrin! Usipige!"

Bonde zima lilinisikia. Shemasi aliruka mara moja tu na mitofaa ikabaki peke yake.

Orrin hakugeuka haraka. Alifungua komeo, akatoa risasi, akaiweka kwenye jiwe taratibu. Ndipo akanitazama, kutoka kichwani mpaka viatu vyake vilivyokuwa miguuni mwangu.

"Nadine."

"Umekisahau!" Nikafungua kiganja, nikilia na kuhema pamoja. "Kile cha teke! Kilidondoka kwenye taulo. Ungempiga vibaya, Orrin, ungempiga tena vibaya."

Alikichukua. Akakigeuza upande huu na upande ule.

"Hiki ni cha kitako cha zamani," akasema.

"Nini?"

"Cha zamani. Chasisi ina chake, kimechongwa humo humo, hakitoki. Hiki hakina kazi tangu Oktoba. Nilidhani nimekitupa, kumbe kilibaki na spana, na jana nikakiviringisha na taulo."

Nilitamani ardhi inimeze, na viatu vyenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimemwaga pipa zima.

"Na Shemasi?" nikauliza, utafikiri hakuondoka mbele ya macho yangu.

"Shemasi ameshavuka mpaka wa jimbo."

Hapo bunduki ya Boyd ikalia kule chini. Moja. Mbili. Tatu.

"Kalale njaa," akasema Orrin. Nilisubiri anifokee. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani anacheka, nikasogea, kumbe analia. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nimemwona akilia mara moja tu, kwenye maziko ya mama yake.

"Nilikuwa naye tangu kulipopata mwanga," akasema. "Anakula, anasimama, ananipa ubavu. Hata mtoto angempiga. Kidole kikakataa. Nikajaribu tena, kikakataa. Nikasema, Mungu, mfukuze huyu mnyama, mimi siwezi kumpiga wala siwezi kumwacha. Ndipo ukapiga kelele."

Nikapanda kwenye jiwe nikakaa ubavuni pake. Lilikuwa la baridi kupita kiasi.

"Bunduki haina kosa, Nadine. Hata mwaka jana haikuwa na kosa. Alikuwa anatembea, yuko nyuma ya vichaka, nikaona akifika kwa Boyd, Boyd ndiye atakayempiga. Nikaharakisha. Basi."

"Lakini kitako kilikuwa kinagusa mtutu," nikasema. Nilitaka kumwachia kitu cha kushika.

"Kiligusa miaka yote tuliyokula nyama."

Nikamshika ule mkono. Tulikaa hivyo mpaka jua likatoka vizuri. Kisha akasema, "Twende kambini."

"Mimi? Na gauni hili? Wataniua."

"Twende wote."

Kambini walikuwa wameshajaa mezani, supu ya maharage na nyama ya paja inatoa moshi. Boyd alikuwa amesimama karibu na jiko, uso chini. Mjomba Clete alikuwa ametoka kufuata nyayo za Shemasi mwenyewe, na alirudi akisema hakuna damu, hakuna hata unywele. Amekoswa safi. Wakamshika Boyd, mkasi ukapita, kipande cha shati jekundu kikaenda ukutani.

"Na huyu je?" Boyd akapiga kelele akininyooshea kidole. "Mnanikata mimi, na aliyemkimbiza Shemasi na maua ya zambarau mnamwachia?"

"Shemeji, ulikosa mara tatu, usinisingizie maua."

"Kata! Kata!" wakaitikia wote wakigonga vijiko. Mjomba Clete akaniomba radhi kwa heshima zote, kama mchungaji, akainama akakata pindo la gauni langu. Walicheka mpaka mmoja akamwaga supu yake.

Orrin hakucheka. Alisimama katikati ya kicheko kile, akawageuzia mgongo, akachomoa shati lake kwenye suruali.

"Na mimi," akasema.

Kicheko kikakatika. Mjomba Clete akashusha mkasi. "Hukufyatua leo, mwanangu. Sheria ni kwa aliyefyatua."

"Si la leo." Aliongea na ukuta. "Mwaka jana niliharakisha. Haikuwa kitako, haikuwa bunduki. Alikuwa vichakani, sikumwona vizuri, nikapiga kwa sababu sikutaka apigwe na Boyd. Alikufa vibaya kwa sababu yangu. Mlininyamazia na mlikuwa na haki. Lakini mimi siwezi mwaka mwingine wa kunyamaziwa. Nikateni."

Nilimtazama mzee Clete nikimwomba kwa macho, nikijua hakuna aliyewahi kukatwa kwa kosa kama hilo, na kwamba mzee akisema hapana itabaki hapana mpaka kaburini.

Mzee alivuta pumzi. Akaenda taratibu na goti lake bovu, akashika shati la Orrin kwa nyuma, akakata. Hakukata kidogo, alikata mpaka karibu na mbavu. Akachukua kalamu nene mezani, akaandika mwaka. Niliusoma. Haukuwa mwaka huu. Kisha akatafuta kwenye ukuta palipokuwa na vipande vya mwaka jana, akavisogeza kidogo, akapigilia cha Orrin katikati yao.

"Haya," akasema. "Sasa ukae ule. Na hicho kitanda chako cha hospitali ukiweke nje, kinanipa baridi."

Boyd ndiye wa kwanza kucheka. Orrin wa pili.

Tulirudi nyumbani mchana, yeye kwenye usukani, mimi na magoti yangu wazi, pindo limeniacha. Bunduki ilikuwa nyuma ndani ya mfuko wake. Kichuma kilikuwa kwenye kile kijishimo cha kuwekea sarafu, kinalia kila tukipita shimo barabarani. Njia nzima mkono mmoja wa Orrin ulikuwa unakwenda nyuma, unapapasa pale shati lilipoishia.